Kutuni injini ya nitro ya gari la rimoti hapa Uganda, na kujua inaumwa nini ikianza vituko

Kila Jumapili jioni uwanjani lazima nione hii sinema: gari linazimika katikati ya uwanja, mwenyewe analikimbilia, na kabla hata hajalifikia bisibisi ishatoka mfukoni. Anafunga sindano (ile skrubu ya kabureta inayopanga mafuta) kidogo, anastata, linazima. Anafungua kidogo, anastata, linazima. Mwisho wa siku hajui tena alianzia wapi, na kumbe tatizo lilikuwa paipu ya mafuta yenye katundu ka pini. Nasema hivyo kwa sababu huyo mtu nilikuwa mimi, wiki nzima, na plagi mbili ziliungua hapo katikati. Kwa hiyo kama utashika kitu kimoja tu kwenye huu mwongozo shika hiki: bisibisi ni ya mwisho kutoka mfukoni.

Tuanze na hiyo injini yenyewe maana wengi wanatoka kwa boda na magari ya petroli wanadhani ni kitu kile kile. Sio. Hapa hakuna cheche. Plagi ina kawaya kembamba kenye platini, unakawasha na betri ndogo ya volti 1.2 au 1.5 wakati wa kustata, injini ikishaanza unatoa ile betri na kawaya kanaendelea kuwaka chenyewe kwa joto la mlipuko na kwa vile methanoli inavyochomeka ikigusa platini. Na oili hakuna mahali pake pa peke yake, imo ndani ya mafuta. Mafuta ni methanoli, nitromethane (ya kawaida kwa magari ni asilimia 16 mpaka 30) na oili. Ndio maana ukiminya mafuta sana unapunguza na oili pamoja, pistoni inapanda na kushuka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika bila kitu cha kuilainisha, hapo usishangae.

Na wale wanaouliza kama wanaweza kuweka petroli ya boda kidogo "kuongezea", jibu ni hapana, usijaribu. Mwingine aliniletea plagi ameichomeka kwenye betri ya pikipiki ya volti 12, banange, kawaya kalimulika kama radi kakaisha.

Usalama kidogo kabla hatujachafua mikono. Moto wa methanoli juani hauonekani vizuri, unaweza kuwaka mkononi mwako unashangaa tu mbona pananichoma. Na ni sumu kali, inaua macho kabla haijakuua wewe, 2010 kule Kabale watu wengi walikufa kwa waragi iliyokuwa na methanoli. Basi usiiweke kwenye chupa ya soda hata siku moja, usifyonze paipu kwa mdomo, na kwenye begi lako la ndege hairuhusiwi, ukiagiza nje panga njia nyingine mapema.

Kwanza kagua, usiguse sindano

Fanya kama fundi wa panchari. Unamjua yule pale steji na beseni lake la maji, anazamisha tyubu anasubiri mapovu. Toa tangi, funga kifuniko, bana paipu moja kwa vidole, zamisha tangi lote kwenye beseni halafu puliza kwa ile paipu nyingine (tangi liwe limesuuzwa na kukaushwa kabla, nimesema methanoli ni sumu). Mapovu yakitoka pembeni ya kifuniko ile raba yake imechoka. Yakitoka kwenye paipu, mara nyingi ni pale inapoingia kwenye kabureta kwa sababu ndipo inapochomolewa kila siku, kata kipande cha mwisho uchomeke upya. Hii tangi inasukuma mafuta kwa presha inayotoka kwenye ekzosi kupitia ile paipu ya pili, kwa hiyo tundu dogo likipoteza presha injini inakosa mafuta ukiwa kasi tu, imesimama iko sawa. Hapo ndipo watu wanafungua sindano ya kasi na kufungua na kufungua.

Kisha hewa ya wizi. Hewa inatakiwa iingie mdomoni mwa kabureta tu, lakini inaweza kuingia pale kabureta inapokaa juu ya injini, kwenye kile kifuniko cha nyuma, au kwenye beringi ya mbele ikishachoka. Dalili yake ni moja na haidanganyi sana: unaachia gesi na injini haishuki, inabaki inalia juu sekunde kadhaa ndio inashuka taratibu, na kila siku inashuka tofauti. Ukiona hivyo hakuna tuni itakayokaa, toa kabureta, angalia ile oringi (raba ya duara inayoziba hewa), rudisha, kaza skrubu za kifuniko cha nyuma kwa mpigo wa msalaba kidogo kidogo.

Filta ya hewa. Hili nalisema kwa uchungu. Vumbi letu la maramu, lile jekundu la Januari, linapita kwenye sponji kavu kama hakuna kitu, na likiingia ndani linakwaruza slivu (silinda ambamo pistoni inapanda na kushuka). Osha sponji kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha kabisa, tia mafuta ya filta (yale ya pikipiki za motokrosi yanafaa, ulizia kwa wanaokimbia Garuga), finyanga mpaka rangi ienee kote, kisha futa yaliyozidi. Mimi nafanya hivyo kila siku ya kukimbiza. Filta ya mafuta nayo angalia, chembe moja ya uchafu inaziba sindano.

Plagi: ichomoe, iweke kwenye betri yake, kawaya kote kawake rangi ya chungwa inayong'aa. Kama nusu inawaka nusu giza, tupa. Na ukinunua nyingine angalia kama injini yako ni ya plagi ya kawaida au ya turbo, moja ina wasa chini na nyingine ina koni, haziingiliani.

Halafu springi au rababendi ya kurudisha gesi. Betri ya risiva (kile kinachopokea amri za rimoti garini) ikifa gari liko fulu gesi hakuna wa kulisimamisha ila ukuta au mguu wa mtu. Weka rababendi inayovuta mkono wa kabureta ufunge. Hii sio hiari.

Injini mpya

Ukizungusha injini mpya kwa mkono itabana juu kabisa kama imejam. Iko sawa, slivu imetengenezwa nyembamba juu ili ikipata joto ifunguke iwe saizi ya pistoni. Kosa ni kuivutia kamba ikiwa baridi. Ipashe kichwa kwa draya ya saluni mpaka usiweze kuweka kidole, ndio ustate. Tangi tano hivi za kwanza iache ishibe mafuta, moshi mwingi, lakini usiiache inaunguruma tu mahali pamoja, liendeshe taratibu ukipandisha gesi na kushusha ili joto lifike kama nyuzi 95 hivi. Kila tangi likiisha zima, shusha pistoni chini, acha ipoe kabisa. Nimeshaona mtu kafungulia fulu tangi la kwanza, tangi la nne ikakosa kompresheni.

Pa kuanzia

Sindano ni mbili na skrubu moja. Sindano ya kasi ndio ile inayoshikana na paipu ya mafuta, inapanga mafuta ukiwa umekanyaga. Sindano ya chini iko kwenye mkono wa kabureta, inapanga mafuta ya kuanzia mpaka katikati. Skrubu ya sailensi (injini ikiunguruma taratibu bila gesi) haigusi mafuta, inapanga tu kabureta ibaki wazi kiasi gani ukiachia. Kufunga kuelekea mkono wa saa ni kupunguza mafuta, kufungua ni kuongeza. Mimi nasema injini "ina njaa" na "imeshiba", nitatumia hayo hayo mpaka mwisho.

Rudisha kwenye vipimo vya kitabu cha injini. Sindano ya kasi nyingi zinaanzia mizunguko mitatu mpaka minne kutoka ilipofungwa lakini usiniamini mimi, amini kitabu, kila kabureta na yake. Ukiifunga kuhesabu funga kwa vidole viwili mpaka iguse tu, ukikaza umeharibu kiti cha sindano. Mwanya wa kabureta ukiachia gesi uwe kama milimita moja.

Sasa hapa kwetu kuna kitu kitabu hakikuambii. Kampala tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko Mombasa. Hewa kidogo inataka mafuta kidogo. Kwa hiyo kipimo cha kitabu hapa kitakuwa kimeshiba, na hiyo ni bahati yako, unaanza upande salama. Kabale ni juu zaidi, funga zaidi kidogo, lakini asubuhi ya baridi kule hewa inakuwa nzito unarudisha nyuma. Na gari lililotuniwa Kabale ukilileta Kampala au ukashuka nalo Mombasa bila kugusa litakuwa na njaa, hapo ndio watu wanaua injini, wanasema "lakini wiki jana lilikuwa freshi". Fungua kwanza kabla hujastata. Nguvu iliyopotea kwa sababu ya urefu haitarudi kwa sindano, usiitafute.

Kustata

Bana mwisho wa ekzosi kwa kidole, vuta kamba mara mbili tatu uone mafuta yanafika kabureta, toa kidole, weka betri ya plagi, vuta. Mvuto mfupi mfupi, sentimita 30 zinatosha, wanaovuta kama jenereta ndio wanakata kamba.

Kamba ikikataa kabisa kuvutika usitumie nguvu. Imelewa, mafuta yamejaa juu ya pistoni na kimiminika hakibanwi, utapinda konrodi. Toa plagi, funika na kitambaa, geuza gari, vuta mara sita saba, mafuta yatatoka kama chemchemi (macho mbali), rudisha plagi.

Kuzima: bana paipu ya mafuta, au ziba ekzosi kwa kitambaa kinene, au gusa flaiwili (lile gurudumu zito linalozunguka na injini) kwa mpini wa bisibisi. Sio kuchomoa plagi wala kuzima risiva.

Kutuni sasa, na kwa mpangilio huu

Usituni injini baridi. Dakika tatu nne za kukimbia kawaida kwanza.

Anza na sindano ya kasi. Ichukulie kama uso wa saa, kila mguso ni kusogeza saa moja, na usinichanganye hapa na saa za Kiswahili au za Kizungu, nahesabu hatua tu. Kimbiza fulu kwa mstari mrefu mara tatu. Ikiwa imeshiba utasikia sauti nzito inabubujika kama uji, moshi mwingi, gari halifiki mwisho wa pumzi yake. Funga saa moja. Kimbiza tena mara mbili tatu, sio mara moja, joto linachukua muda kubadilika. Endelea hivyo mpaka sauti isafike lakini bado unaona mkia wa moshi wa bluu-nyeupe nyuma ya gari. Moshi ukiisha, hata kama gari linaruka kama shetani, umepita. Rudisha saa mbili. Dalili nyingine ya njaa ni pale gari linakimbia vizuri nusu ya mstari halafu nguvu inazimika mwishoni kana kwamba limefunga breki.

Joto la kichwa kwenye plagi nalitaka kati ya nyuzi 100 na 120. Nunua ile bunduki ya kupimia joto ya mafundi, ile ya kupimia paji la uso iliyobaki enzi za Korona haifai, inaishia nyuzi arobaini na kitu. Kama huna, dondosha tone la maji kwenye kichwa: likichemka na kuisha kwa sekunde tatu mpaka tano uko sawa, likiruka na kupotea palepale ni moto mno, likikaa tu limelala bado imeshiba. Ila kumbuka Kampala maji yanachemka nyuzi 96 hivi sio 100, kwa hiyo tone linakuonyesha joto kubwa kuliko lilivyo, kidogo tu. Na joto peke yake sio tuni, sikio na moshi kwanza, joto ni la kuhakikisha.

Kisha sindano ya chini, na hapa ndipo wengi hawafiki. Injini iko moto, iko kwenye sailensi, bana paipu ya mafuta karibu kabisa na kabureta na usikilize huku unahesabu. Inatakiwa ipande sauti kidogo kisha ife ndani ya sekunde mbili tatu. Ikifa palepale bila kupanda ina njaa chini, fungua saa moja. Ikiendelea sekunde tano sita na kupanda sana kabla ya kufa imeshiba chini, funga saa moja. Kila ukigusa, pandisha gesi mara mbili kusafisha, ndio upime tena. Jaribio la pili: iache kwenye sailensi sekunde kumi halafu bonyeza gesi ghafla. Ikijikokota na kutema moshi mzito kabla ya kuondoka, imeshiba. Ikikata kama umezima swichi, au ikisita bila moshi, ina njaa.

Mwisho sailensi. Ishushe mpaka magurudumu yasitake kwenda yenyewe. Kama ukipata tuni nzuri lakini gari bado linajivuta ukisimama, usishushe sailensi mpaka izime, angalia klachi, springi imekatika au beringi ya kengele (kile kikombe cha klachi) imekauka.

Ukishamaliza rudi kwenye sindano ya kasi mara moja, kwa sababu ya chini ikibadilika inaigusa na ya juu kidogo.

Ikianza vituko

Inastata ukiwa na betri ya plagi, ukiitoa inakufa: plagi imechoka, au imeshiba sana chini inazima kawaya kwa ubaridi. Badilisha plagi kwanza.

Inakimbia vizuri tangi likijaa, likifika nusu inaanza kuchizi: presha. Rudi kwenye beseni. Mimi kesi kumi za hivi ninazoletewa nyingi ni raba ya kifuniko au paipu ya presha iliyochomoka kwenye ekzosi au imezibwa na masizi.

Inazima ukifunga breki mwisho wa mstari: mara nyingi njaa kwenye kasi, lakini pima rimoti pia, kuna watu servo yao (kale kamota kanakovuta gesi na breki) ikivuta breki inafunga na mwanya wa kabureta, hapo hata ukituni mpaka Krismasi.

Inachemka hata ukifungua sindano: hewa ya wizi, au mafuta ya zamani. Methanoli inavuta unyevu hewani, chupa iliyokaa wazi msimu wa mvua, hasa sisi wa karibu na ziwa, imeshaingia maji. Gari linamisi, halishiki sailensi, unatuni halituniki. Fungua chupa mpya ujaribu kabla ya yote. Nimeuziwa mara moja chupa iliyofunguliwa ikarudishwa kizibo, tangu hapo naangalia sili mbele ya muuzaji.

Inaunguza plagi kila tangi: ina njaa, au kuna kachembe ka chuma ndani, labda beringi inameguka. Zungusha flaiwili kwa mkono bila plagi, ukihisi mchanga mchanga usistate tena.

Ikiwa moto inakataa kustata, ikipoa inakubali: slivu imeisha. Zungusha kwa mkono ikiwa baridi, kama haibani kabisa juu, habari ndio hiyo, hakuna sindano ya kurudisha kompresheni.

Plagi iliyotoka inasema mengi, isome kila wiki. Kawaya kanang'aa na kamelowa, imeshiba. Kamekuwa kijivu kidogo bila kupinda, hapo hapo. Kamepinda, kamekuwa cheupe au kamekatika, njaa.

Jioni kabla hujaenda kula rolex (chapati na mayai)

Usiache mafuta ndani. Toa yaliyobaki kwenye tangi na usiyarudishe kwenye chupa kuu. Stata, bana paipu, iache ife kwa kumaliza, rudia mpaka ikatae. Toa plagi, dondosha matone matano sita ya mafuta ya cherehani kwenye tundu na mengine kwenye mdomo wa kabureta, vuta kamba mara kumi, rudisha plagi. Shusha pistoni chini (weka alama ya rangi kwenye flaiwili ujue chini ni wapi), kwa sababu ikilala juu wakati injini inapoa, slivu inaibana na kesho unavuta kamba unaikata.

Halafu chukua kalamu. Andika tarehe, mahali, hali ya hewa, na sindano zilikuwa mizunguko mingapi kutoka kufungwa. Yangu ya mwisho inasema: Kampala, jua kali, kasi mitatu na robo, chini haikuguswa, nyuzi 112.